Theluji kubwa Buffalo: maswali ya wageni wetu na majibu yake

Buffalo ni jiji la jimbo la New York, kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie, karibu kabisa na mpaka wa Kanada. Kwa miaka mingi limepokea familia za Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali Wabantu, wengi wao wakitokea kambi za Nyarugusu, Kakuma na Dadaab. Ukipita Grant Street utasikia Kiswahili dukani na kituo cha basi. Kila mwaka, majani yakianza kupukutika, wageni wapya huuliza maswali yale yale. Majibu haya ni kwa anayeishi Buffalo na vitongoji vyake. Aliyeko Minneapolis, Toronto au Oslo ayachuje, achukue yanayomfaa.

Theluji nzito inaanza lini?

Kwa kawaida Novemba, na inaweza kuendelea mpaka Aprili. Kwa mwaka mmoja Buffalo hupata wastani wa kama mita 2 na nusu ukijumlisha yote iliyoanguka. Usitishike na hesabu hiyo, maana nyingi huyeyuka kabla nyingine haijaja. Cha kuogopa ni kwamba haiji kwa mafungu sawa: unaweza kukaa wiki tatu ukiona nyasi, kisha ndani ya siku tatu ikaanguka theluji ya nusu mwaka.

Kwa nini hapa kuliko miji mingine ya Marekani?

Kwa sababu ya ziwa. Mwezi wa Novemba na Desemba maji ya Ziwa Erie bado yana joto la kiangazi, ilhali hewa inayoshuka kutoka Kanada imeshakuwa baridi kali. Hewa hiyo ikipita juu ya maji hubeba unyevu na joto, hupanda juu, hufanya mawingu, na ikifika nchi kavu humwaga yote kama theluji. Mtu wa Bukoba ataelewa upesi: Bukoba hunyeshewa mvua nyingi kuliko Musoma kwa sababu upepo huifikia ukiwa umeshavuka Ziwa Victoria lote. Huku ni mambo hayo hayo, ila kinachoanguka kimeganda.

Ziwa Erie lina urefu wa karibu kilomita 390 na limelala kuelekea kaskazini-mashariki, yaani limeielekeza Buffalo ncha yake. Upepo wa kusini-magharibi ukivuma, hupita juu ya maji urefu wote huo kabla ya kutufikia. Mawingu hujipanga kwenye mkanda mwembamba, wakati mwingine wa kilomita chache tu kwa upana. Aliye chini ya mkanda huzikwa, na jirani wa mtaa wa pili anaota jua. Novemba 2014 baadhi ya vitongoji vya kusini na mashariki vilipata zaidi ya mita moja na nusu, na upande wa kaskazini wa jiji ukapata sentimita chache tu. Novemba 2022 ikawa hivyo tena: Orchard Park na Hamburg walipita mita 2, mpaka timu ya hapa ya mpira wa Kimarekani, Buffalo Bills, ikahamishia mechi yake Detroit.

Kwa hiyo mwenzako akikuambia kwa simu kwamba kwake hakuna kitu, anasema kweli. Na wewe unayetazama ukuta mweupe dirishani pia unasema kweli. Usitoke kwa kutegemea habari za mtaa mwingine.

Ziwa hili ndilo lenye kina kifupi kuliko yote matano makubwa ya Amerika Kaskazini, kwa hiyo huganda mapema kuliko mengine. Likiganda lote, mashine hiyo huzimika, maana hewa haipati tena maji ya kubeba. Ndiyo maana Februari huwa na baridi kali zaidi lakini mara nyingi theluji si nyingi kama ya Desemba.

Simu inasema nyuzi 20, mbona nasikia nakufa?

Hizo ni za Farenihaiti. Maji huganda kwenye 32 za kwao. Nyuzi 20 zao ni kama 7 chini ya sifuri za kwetu. Nenda kwenye mipangilio ya simu ubadilishe iwe Selsiasi, angalau mwaka wa kwanza, mpaka uzoee. Themostati ya ukutani, ile ya kupangia joto la nyumba, hata hivyo itabaki na namba zao: 68 ni sawa na 20 za kwetu, na hapo ndipo nyumba nyingi huwekwa.

Pia tazama namba ya pili, ile ya baridi ya upepo. Hiyo ndiyo inayoeleza ngozi yako itapata nini. Ikifika 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika 30.

Nimekulia Makete, sakitu (umande ulioganda) naijua. Kuna tofauti gani?

Tofauti ni kubwa. Sakitu ya Makete au ya Kericho huja alfajiri, jua likichomoza imekwisha, na wewe umejifunika blanketi ukisubiri chai. Huku jua linaweza kuwaka siku nzima na baridi isipungue hata kidogo. Watu wa nyanda za juu ndio huwa wabishi kuhusu mavazi, kisha ndio wanaoonekana kituo cha basi wamevaa sweta na kandambili juu ya soksi. Ujuzi wako wa baridi utakusaidia Oktoba. Januari, sahau.

Nivae nini, na nitoe wapi fedha ya kununua?

Anza na miguu. Watu hutumia fedha yote kwenye koti kisha wanavaa raba. Raba zinapitisha maji, na mguu uliolowa ndio unaoganda. Tafuta buti zisizopitisha maji, zenye soli ya meno, kubwa kidogo kuliko saizi yako ili soksi nene iingie bila kubana. Buti inayobana huzuia damu, na mguu huwa baridi zaidi hata kama buti ni ya bei.

Mwilini, nguo tatu nyepesi zinashinda moja nzito. Ya ndani iwe ya kubana na isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho hubaki mbichi na kukugandisha. Ya kati iwe sweta au nguo ya sufi. Ya juu izuie upepo. Glavu zile zinazofunika vidole vinne pamoja na kuacha dole gumba peke yake zina joto kuliko zenye nafasi ya kila kidole. Kofia ifunike masikio. Akina dada, ushungi ni mzuri lakini peke yake hautoshi. Vaa kofia ya sufi juu yake, hakuna atakayekucheka.

Kuhusu fedha: mitumba ipo Marekani pia, usione haya. Maduka ya Goodwill, Salvation Army na AMVETS huuza makoti mazito kwa bei ndogo, na mengi ni mazima kabisa. Aliyefika kama mkimbizi aulize shirika lililompokea. Mashirika ya Buffalo kama Journey's End na International Institute wanajua wapi makoti yanagawiwa bure. Nenda Septemba au Oktoba. Ukingoja theluji ianguke, saizi za watoto zitakuwa zimekwisha.

Naweza kumbeba mtoto mgongoni na kitenge kama nyumbani?

Unaweza, na joto la mwili wako ni zuri kuliko kigari chochote. Ila koti lifunike wote wawili, na uso wa mtoto uwe na hewa. Vidole na miguu ya mtoto aliyebebwa huning'inia nje bila mama kujua, kwa hiyo avae soksi mbili na vibuti. Kagua kila baada ya muda mfupi.

Ndani ya gari mambo ni mengine. Mtoto asifungwe kwenye kiti chake akiwa na koti nene. Gari likigonga, koti hujikunja, mkanda unalegea na mtoto anachomoka. Mfunge mkanda akiwa na sweta, kisha mfunike kwa blanketi juu ya mkanda.

Niwe na nini ndani kabla ya tufani?

Chakula na maji ya siku tatu hadi tano, dawa za wiki nzima, maziwa ya mtoto na nepi. Unga wa sembe, maharage, mchele, dagaa, mafuta na chumvi vinatosha kabisa. Sisi kwa akiba ya chakula hatuhitaji kufundishwa. Tunasahau vingine: tochi na betri zake, pawabenki iliyojaa chaji, kiberiti, chumvi ya kumwaga ngazini, na beleshi la theluji liwe ndani ya nyumba. Beleshi lililo kwenye banda nje haliwezi kukusaidia mlango ukiwa umezibwa na theluji mpaka kiunoni.

Andika namba za simu kwenye karatasi: ya mwenye nyumba, ya jirani, ya mtu wa shirika, ya mchungaji au imamu. Na usiende dukani siku ileile tufani inapoingia. Foleni ya mkate siku hiyo ni ndefu na rafu zimebaki na siki tupu.

Ilani za simu zinatofautianaje?

Idara ya hali ya hewa ikiandika "watch", maana yake mazingira yanaweza kuleta tufani, jiandae. Ikiandika "warning", tufani inakuja au imeshafika, funga mlango. Tufani kamili kwa kipimo chao ni upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi, huku huoni mbele zaidi ya mita 400, na hali hiyo idumu saa tatu. Kumbuka kipimo hicho hakitaji hata kidogo unene wa theluji. Upepo na kutokuona ndivyo vinavyoua.

Januari 1977 ndiyo iliyowafundisha wenyeji somo hilo. Ziwa lilikuwa limeganda na juu yake kumelala theluji ya wiki nyingi. Upepo mkali ulipoanza tarehe 28 uliikokota yote hiyo na kuimwaga mjini. Mpaka leo wazee wa hapa huhesabu miaka kwa kutaja tufani ile.

Desemba 2022 kulitokea nini? Kila mtu anaitaja.

Tufani iliingia Ijumaa ya tarehe 23, siku mbili kabla ya Krismasi. Kwa muda wa saa 37 hivi mtu hakuweza kuona mkono wake mwenyewe ukiwa umenyooshwa. Uwanja wa ndege ulipima karibu sentimita 132 za theluji kwa siku zile. Maelfu ya nyumba yalikosa umeme. Magari ya zimamoto na ambulensi yalikwama, pamoja na magreda yaliyotumwa kuyakwamua. Mtu alipiga 911, namba ya dharura, akajibiwa, lakini hapakuwa na wa kumfikia.

Zaidi ya watu 40 walikufa Buffalo na maeneo ya jirani. Ukisoma walivyokufa utaona mambo manne. Wengine walikutwa nje, wakitembea kutafuta chakula, dawa au njia ya kurudi nyumbani. Wengine walikutwa ndani ya magari. Wengine walikuwa ndani ya nyumba zilizokosa joto. Na wengine moyo uliwasimama wakiwa wanapiga beleshi, au waliugua na ambulensi haikufika. Wengi wa waliokufa ndani ya jiji walikuwa watu weusi, wa mitaa ambako duka la chakula liko mbali na nyumba ni za zamani. Marufuku ya kuendesha magari ilitangazwa asubuhi ya Ijumaa, wakati wafanyakazi wengi walikuwa wameshaingia kazini, na lawama za kuchelewa kwake zimeendelea mpaka leo. Kwa maoni yangu lawama hizo ni za haki.

Katika siku hizo hizo, mtu mmoja aliyekwama na gari lake kitongoji cha Cheektowaga alivunja dirisha la shule, akawaingiza ndani watu zaidi ya 20 waliokuwa wakiganda njiani. Walikula chakula cha kantini, wakasafisha walipotumia, na yeye akaacha barua ya kuomba radhi kwa dirisha. Polisi walimtafuta ili wamshukuru. Naitaja kwa sababu wengi wetu tunaogopa kugonga mlango wa mtu tusiyemjua, tukihofia polisi au bunduki. Hofu hiyo naielewa. Lakini ukiwa nje kwenye tufani ya namna ile, gonga. Gonga mlango wa kwanza unaouona, taja jina lako kwa sauti, sema unaganda. Na wewe ukigongewa, fungua.

Bosi anataka nije kazini na kaunti, yaani serikali ya wilaya, imepiga marufuku magari. Nifanyeje?

Usiende. Marufuku ya kaunti ina nguvu ya sheria, na ukikamatwa unaendesha ni wewe unayeandikiwa kosa, bosi hayumo. Mtumie ujumbe wa maandishi, si simu tu, ukimwambia barabara zimefungwa kwa amri ya kaunti, na uhifadhi picha ya tangazo. Wafanyakazi wa hospitali na huduma za dharura wana utaratibu wao. Kama wewe ni mmoja wao, uliza mapema mwajiri atakupa usafiri au utalala kazini.

Ushauri wa kutosafiri ni kitu kingine, huo hauna adhabu. Hapo uamuzi ni wako, na ndipo wengi huumia. Anayelipwa kwa saa mara nyingi halipwi siku asiyofanya kazi, kodi ya nyumba haijui theluji, na nyumbani wanasubiri ada. Najua hesabu hiyo inavyofanywa kichwani saa kumi na moja alfajiri. Linalosaidia ni kulimaliza kabla ya Novemba: mwulize msimamizi wako siku ya tufani inahesabiwaje, kama unaweza kubadilishana zamu, na kama kuna mwenzako anayeishi karibu na kazi atakayekulaza.

Nimekwama ndani ya gari na theluji inazidi.

Kaa humo. Gari linaonekana na waokoaji kuliko mtu anayetembea, na kwenye weupe ule mtu hupotea hatua chache tu kutoka mlangoni. Toka tu kama unaliona jengo kwa macho yako, si kama unakumbuka liko wapi.

Piga 911. Waambie unataka Kiswahili, watakuunganisha na mkalimani, lakini jifunze kutaja jina la barabara na makutano kwa Kiingereza kwa sababu simu inaweza kukatika kabla mkalimani hajafika. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye kioo cha pembeni; kanga nyekundu inafaa sana. Washa injini dakika kama kumi kwa kila saa, si muda wote. Kabla ya kuiwasha kila mara, shuka ukazibue ekzosi. Bomba likizibwa na theluji, moshi unarudi ndani, na hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi: unalala tu. Acha dirisha moja wazi kwa unene wa kidole, upande usio na upepo.

Ndiyo maana gari la huku lisishuke chini ya nusu tangi wakati wa baridi, na buti yake iwe na blanketi, beleshi dogo, tochi, waya za kubusti betri, maji na kitu cha kutafuna.

Umeme umekatika na nyumba inapoa. Naweza kuwasha jiko la mkaa?

Hapana. Hata kidogo. Hata dirisha likiwa wazi, hata ghorofa ya chini, hata kwa dakika tano.

Narudia kwa sababu tumelelewa na jiko la mkaa. Nyumba za kwetu zina upenyo juu ya ukuta, hewa inaingia na kutoka. Nyumba za huku zimezibwa kila pembe ili joto lisitoke, na ile sumu ya kaboni monoksaidi nayo haitoki. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, na mtu huzidhania mafua. Wote ndani wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, tokeni nje mara moja kisha pigeni 911. Jiko la kuchomea nyama la nyuma ya nyumba ni vivyo hivyo, libaki nje. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, mbali na madirisha. Jiko la gesi la jikoni unaweza kuliwasha kwa kiberiti upike ugali wenu, lakini usiliache likiwaka ili kupasha nyumba joto. Hakikisha nyumba ina kengele ya kaboni monoksaidi na betri yake inafanya kazi. Kama haipo, mwambie mwenye nyumba, ni wajibu wake.

Wageni hushangaa kwamba hita ya gesi nayo huzimika umeme ukikatika. Gesi ipo, ila feni na mitambo ya kuiwasha vinatumia umeme. Kusanyikeni chumba kimoja, kidogo, kisicho na madirisha mengi. Ziba chini ya mlango kwa taulo. Watoto katikati, blanketi moja kubwa juu ya watu wengi ni bora kuliko kila mtu na lake. Umeme ukirudi na mnatumia hita ndogo ya umeme, iwe mita moja kutoka kitandani na pazia, na ichomekwe ukutani moja kwa moja, si kwenye waya wa kuongezea.

Mtu akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, akaanza kuongea kama mlevi au kutaka kulala, hali imekuwa mbaya, ita msaada. Vidole vilivyokufa ganzi na kupauka usivisugue, wala usivipashe motoni. Vitumbukize kwenye maji ya uvuguvugu ambayo kiwiko kinaweza kuyavumilia.

Hita imeharibika na mwenye nyumba hapokei simu.

Joto si hisani. Jimbo la New York linamtaka mwenye nyumba aweze kuiweka nyumba kwenye nyuzi 68 za kwao wakati wa baridi. Mwandikie ujumbe, piga picha ya themostati, kisha piga 311 ya jiji. Kwa msaada wa jumla, pamoja na vituo vya kwenda kuota joto, piga 211.

Kama tatizo ni bili, kuna mpango wa jimbo uitwao HEAP unaosaidia familia za kipato kidogo kulipia joto, na wakimbizi wanaruhusiwa kuomba. Kati ya Novemba 1 na Aprili 15 kampuni ya gesi au umeme lazima ipitie hatua za ziada kabla ya kukukatia. Ukipata barua ya kukatiwa usiifiche kwenye droo, wapigie.

Mabomba yanaganda?

Ndiyo, na yakipasuka ni hasara kubwa. Usiku wa baridi kali acha mfereji udondoshe matone, na fungua makabati ya chini ya sinki ili joto liingie. Jifunze leo ilipo koki kuu ya maji.

Kupiga beleshi ni kazi gani, kwani theluji si nyepesi?

Nyepesi mkononi. Tupige hesabu. Njia ya gari yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 10, theluji ikiwa sentimita 30, ni mita 9 za ujazo. Theluji mpya iliyo laini hufika kilo 100 kwa kila mita ya ujazo. Hizo ni kilo 900, magunia tisa ya mahindi, na utayanyanyua yote kwa mikono. Theluji yenye majimaji inaweza kuwa nzito mara tatu ya hiyo.

Ndiyo maana wazee na wenye shinikizo la damu huanguka. Toka mapema, ondoa kidogo kidogo theluji ikiwa bado inaanguka, usingoje iishe. Sukuma badala ya kunyanyua. Maumivu ya kifua, taya au mkono wa kushoto, acha beleshi hapo hapo, piga 911. Vijana, kama nyumba ya pili kuna bibi anaishi peke yake, mnajua la kufanya.

Kuna na fedha ndani yake. Januari 2024, mechi ya mtoano ya Bills na Pittsburgh Steelers iliposogezwa kutoka Jumapili hadi Jumatatu kwa ajili ya theluji, timu iliita watu kuja kusafisha uwanja kwa dola 20 kwa saa. Watu walipanga foleni.

Ni nani anayepaswa kusafisha mbele ya nyumba?

Barabara ni ya jiji. Njia ya miguu mbele ya nyumba ni ya mwenye nyumba, na jiji linataka iwe safi kabla ya saa tatu asubuhi. Soma mkataba wako wa kupanga uone kama alikukabidhi wewe. Usirushe theluji barabarani. Kuhusu kuegesha gari, soma kibao cha mtaa wako, hasa barabara za mabasi, maana saa za usiku hubadilika wakati wa baridi na gari huvutwa. Chumvi ya kawaida ya mawe huacha kufanya kazi vizuri baridi ikipita kama 9 chini ya sifuri. Hapo mwaga mchanga upate mshiko.

Kutembea juu ya barafu?

Hatua fupi, magoti yamelegea, unyayo wote chini kwa mara moja, mikono nje ya mifuko. Ukionekana kama bata, unapatia. Ogopa zaidi barafu isiyoonekana, ile inayofanana na lami iliyolowa.

Sisi Waislamu, udhu wa maji baridi mara tano kwenye baridi hii?

Dini imeweka wepesi. Ukivaa khofu, yaani soksi za ngozi, ukiwa na udhu, mkazi anaruhusiwa kupaka maji juu yake kwa mchana na usiku mmoja badala ya kuosha miguu. Kuhusu soksi nene za kawaida, na kuhusu kuunganisha sala wakati wa tufani, wanazuoni wametofautiana. Muulize imamu wa msikiti wako kabla ya msimu. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana kama mabasi, kwa hiyo mwombe msimamizi muda wa sala mapema.

Tangu Desemba sina hamu ya kitu chochote. Nimerogwa?

Giza linafanya hivyo kwa watu wengi, wenyeji pia. Toka nje mchana jua likiwepo, hata nusu saa. Ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D kidogo kwenye jua hafifu la huku, kwa hiyo mwombe daktari akupime kabla ya kununua vidonge. Kliniki ya Jericho Road upande wa magharibi wa jiji imezoea wagonjwa wa kwetu, tena wana kliniki Goma. Usijifungie. Aliyekuwa haendi kanisani, msikitini wala kwenye kikundi cha akina mama tangu theluji ianze, ndiye wa kupigiwa simu kwanza.

Nikiwatumia picha nyumbani wanasema nakula raha peponi.

Watumie ya gari lililofukiwa, uwaombe waje kulifukua.

Nimesikia radi wakati theluji inaanguka. Inawezekana?

Inawezekana, na hapa hutokea. Mawingu ya ziwa yakipanda kwa nguvu hupiga radi kama ya masika. Maana yake uko chini ya mkanda mzito, na theluji inaweza kuanguka sentimita kadhaa kwa saa moja. Kama uko barabarani, tafuta pa kuingia.

Watoto wanaila. Kuna ubaya?

Nyeupe, mpya, ya juu, mbali na barabara: kidogo si neno. Ya njano, hapana.

Ikiyeyuka?

Theluji nyingi ikiyeyuka haraka, hasa mvua ikinyesha juu yake, maji huingia vyumba vya chini ya ardhi. Ondoa vitu vyako sakafuni huko chini, hasa nyaraka za uhamiaji na vyeti. Viweke kwenye boksi la plastiki ghorofani. Zibua tundu la maji la mtaroni mbele ya nyumba kama limefunikwa. Angalia juu kabla ya kupita chini ya paa, barafu ndefu zilizoning'inia huanguka zikiwa nzito. Barabarani yatatokea mashimo ya kuvunja tairi, yaripoti 311. Na koti usiligawe mwezi wa Machi jua likikuchekea siku mbili, maana Aprili huleta theluji tena.